Hapa Hatumaliziani Maneno

Katika duka la uchapaji ninakofanya kazi, mtaa wa Nyakabanda, Kigali, mimi ndiye ninayepanga kadi za harusi na mabango kwenye kompyuta, na mwenzangu ndiye anayepokea wateja. Hatukuwahi kukaa chini tukagawana kazi. Siku zangu za mwanzo aliniona nikihangaika na simu ya mteja, akaichukua mkononi mwangu na kumalizia mazungumzo. Alifanya hivyo kwa wema, na kuanzia hapo simu zote zikawa zake. Mimi nina kigugumizi.

Nilikulia Tanzania, upande wa Kagera, na familia yetu ilirudi Rwanda nilipokuwa msichana mkubwa. Kwa hiyo nina lugha mbili za kila siku, na zote mbili hunikwama, ingawa si kwa namna moja. Kwa Kinyarwanda neno hugoma kutoka kabisa. Kwa Kiswahili linatoka, ila silabi ya kwanza inajirudia kabla sijaivuka. Dada yangu, ambaye naishi naye Rebero, husema tukiwa na haraka ni afadhali nitumie Kiswahili.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mwanachama wa kundi kubwa la wenye kigugumizi katika mtandao ule ambao karibu kila mtu anao kwenye simu. Lilikuwa la Kiingereza. Humo watu waliuza mafuta ya kupaka kooni, mafunzo ya kupumua na kuombewa kwa simu. Ukilifungua asubuhi unakutana na video ya mtu aliyepona. Mimi sikuwa nimepona, na sikuwa natafuta dawa. Nilitaka kujua wenzangu wanafanyaje wakiulizwa jina hospitalini, mbele ya foleni. Nilisoma tu, sikuandika chochote.

Mwenzangu wa dukani ndiye aliyenionyesha jukwaa jipya la majadiliano ambako yeye hufuatilia watu wanaofuma vitambaa. Halikuwa na matangazo, wala halikuwa mali ya kampuni moja. Watu wa kujitolea waliliendesha, kila mmoja akiwa na mtambo wake wa kompyuta, na yeyote angeweza kufungua jumuiya ya jambo lake hata kama jambo hilo linawahusu watu wachache sana. Nilitafuta kigugumizi kwa Kiswahili, nikakuta hakuna kitu. Nikaifungua jumuiya hiyo wakati wa chakula cha mchana, nikiwa na chapati mkono mmoja.

Niliiwekea kanuni mbili. Ya kwanza, hapa hakuna anayeuza dawa. Ya pili niliiandika hivi: hapa hatumaliziani maneno. Mtu akiandika sentensi isiyoisha, tunangoja aimalize mwenyewe.

Kwa wiki nyingi nilikuwa peke yangu. Niliandika kuhusu simu za wateja, kuhusu kanisani tunapoombwa kujitambulisha wageni wakiwepo, kuhusu mchumba mmoja wa zamani aliyedhani nasita kwa sababu namdanganya. Dada yangu alinikuta sebuleni nikiandika, akaniuliza namwandikia nani. Nikamwambia bado sijui. Akaniangalia kidogo, kisha akarudi jikoni.

Mwishowe nikapata papara. Nikasambaza kiungo kila mahali nilipoweza: kwenye makundi ya Watanzania waishio Kigali, ya watu wa Bujumbura, ya walimu. Waliingia wengi kwa mara moja, na wengi wao hawakuandika neno. Mmoja aliweka sauti ya mchekeshaji anayeiga mwenye kigugumizi akiagiza nyama. Niliifuta na kumfungia mlango, lakini siku ile nilielewa kwamba umati sio ninaoutaka.

Basi nikabadilisha mwendo. Kila Jumatatu niliuliza swali moja dogo, na kila aliyejibu nilimjibu hata kama ameandika nusu mstari. Swali la kwanza lilikuwa: ni neno gani unalikwepa? Jibu lililokuja kwanza lilikuwa la mwanamume anayetengeneza vitanda na makabati kule Gisozi, kwenye karakana za maseremala. Alikuwa amekulia Burundi. Aliandika kwamba akipanda moto, zile pikipiki za abiria, hawezi kumwambia dereva “Gisozi,” kwa hiyo hutaja mtaa mwingine ulio karibu, anashukia huko, halafu anamalizia kwa miguu. Amefanya hivyo miaka yote. Mkewe hudhani anapenda kutembea.

Jibu hilo liliwafungua watu. Muuguzi mmoja wa hapa Kigali alieleza jinsi anavyoimba majina ya wagonjwa badala ya kuyaita. Mama wa Goma alisema yeye huagiza vitu sokoni kwa kuvishika. Wengine walijitokeza kutoka Kigoma, Bukavu, Mombasa. Kila mmoja aliandika Kiswahili cha kwao, na hilo lilinifurahisha. Yule seremala alikuwa akiandika “mimi niko na kigugumizi tangu mutoto,” na hakuna aliyeshindwa kumwelewa.

Kisha akaja mwalimu. Alikuwa mtu mzima wa Tanga, mstaafu, na ndani ya muda mfupi akawa nguzo ya jumuiya. Mgeni akijitambulisha, mwalimu ndiye wa kwanza kumkaribisha. Mtu akiandika kwamba kesho ana usaili wa kazi, mwalimu humwuliza kesho yake umekwendaje. Mimi nilikuwa kazini mchana kutwa. Bila yeye nyuzi nyingi za mazungumzo zingekaa bila jibu. Ila alikuwa na tabia moja. Chini ya jibu lake jema aliongeza mstari: haisemwi “mutoto,” husemwa “mtoto.” Haisemwi “kiti iko hapa,” husemwa “kiti kipo hapa.” Mtu akichanganya r na l, kama sisi wa huku tunavyochanganya, alimwandikia neno upya likiwa sahihi.

Mwanzoni nililiona jambo dogo. Watu walimshukuru. Halafu nikaona kwamba waliosahihishwa walianza kuandika kwa ufupi, na baadaye hawakuandika. Mama wa Goma alipotea. Seremala alipotea. Swali la Jumatatu likawa linajibiwa na watu wa pwani na mimi.

Nilimwandikia seremala faraghani, nikamwuliza kama yuko salama. Jibu lake lilikuja baada ya siku kadhaa.

“Niko salama, dada. Lakini huku nilikuja sababu hakuna mtu ananimaliziaga maneno. Sasa kuko mtu anayamaliza.”

Nilikaa na maneno hayo mbele ya kompyuta ya duka huku kadi ya harusi ikingoja. Kanuni ilikuwa yangu, na ilivunjwa machoni pangu na mtu ninayemtegemea zaidi. Nikamwandikia mwalimu barua ndefu yenye adabu. Nikaifuta. Nikaandika fupi, nikaiona ina ukali, nikaifuta nayo. Mwishowe nikamwuliza tu kama tunaweza kuzungumza kuhusu masahihisho yake. Akajibu kwamba jambo kama hilo angependa alisikie kwa sauti, na akaniachia namba.

Mwenzangu wa dukani alijitolea kupiga kwa niaba yangu. Nikamkatalia, nikaingia stoo ya karatasi, nikafunga mlango.

Mwalimu alipokea. Nikaanza kujitambulisha, na jina langu likakwama kama linavyokwama siku zote. Hakusema “haloo, haloo,” wala hakuuliza kama mtandao umekatika. Alingoja. Lilipotoka, akaanza na yeye, na la kwake lilichukua muda kuliko langu. Nami nikangoja. Tulipomaliza majina tukajikuta tunacheka wote wawili, na kicheko hicho kilinipa nguvu.

“Mwalimu,” nikasema, “shikamoo. Watu wananyamaza ukiwasahihisha.”

Aliitikia, kisha akakaa kimya. Nilidhani anapambana na neno, kumbe alikuwa anafikiri. Akanieleza kwamba alipokuwa mwanafunzi hakuwahi kusoma kwa sauti darasani. Zamu yake ilikuwa inarukwa. Alipokuwa mwalimu alifundisha kwa ubao zaidi ya mdomo, na wanafunzi walimwita kwa jina la utani ambalo hakutaka kunitajia. Lakini hakuna aliyewahi kukuta kosa katika maandishi yake.

“Kwenye kuandika ndiko nilikoheshimiwa,” akasema. “Nilifikiri nawapa na wao.”

Neno “heshimiwa” lilimgharimu. Nilisikia pumzi yake ikitafuta njia.

“Nawe ulipumzika huko,” nikamwambia. “Na wao huko ndiko wanakopumzika. Ukiwafuata hadi huko, hawana pa kwenda.”

Nilihitaji muda mrefu kuyasema hayo, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mtu mzima jambo la namna hiyo bila kukimbilia neno jepesi. Nilikuwa natoka jasho kati ya mafurushi ya karatasi.

“Nimekuelewa, mwanangu,” akasema. “Niachie mimi.”

Nilitegemea aombe radhi kwa mstari mmoja na kuendelea. Badala yake aliandika uzi mrefu kuhusu utoto wake: mwalimu mkuu aliyemsimamisha mbele ya shule nzima asome tangazo, na jinsi alivyosimama pale mpaka kengele ikagongwa. Mwishoni akasema amewafanyia wenzake jambo linalofanana na hilo, kwa kalamu, na hatalifanya tena. Waliomjibu walikuwa wengi kuliko waliowahi kujibu swali langu lolote. Baada ya siku kadhaa seremala akaweka picha ya kitanda cha mninga alichokimaliza siku ile, bila maneno. Mwalimu akamjibu kwamba viungo vya pembeni vimekaa vizuri. Basi wakaelewana.

Mama wa Goma hakurudi. Nilimwandikia mara mbili. Sijui kama alisoma.

Baadaye watu kadhaa wakamwambia mwalimu kwamba wao kwa kweli wangependa kusahihishwa, ila si pale. Akafungua jumuiya yake ya pili, ndogo, ya kujifunza Kiswahili cha kuandika, na seremala akawa miongoni mwa wa kwanza kujiunga. Nilipomwuliza imekuwaje, alinijibu: “Kule nimeenda kusahihishwa. Huku nimekuja kuongea.” Nikamwomba awe msimamizi pamoja nami, akakubali. Mimi hushika asubuhi, yeye hushika saa za mchana mashine zake zikikosa umeme au wateja.

Wazo la kukutana ana kwa ana lilikuwa lake. Sisi wa Kigali tulikuwa wachache na wengi wetu tulikuwa tumezoea kujificha nyuma ya maandishi, kwa hiyo nilidhani hawatakuja. Tulichagua Jumamosi, mgahawa mdogo karibu na dukani kwangu. Nilifika mapema nikachagua meza ya pembeni. Seremala alikuja amevaa shati la kanisani. Muuguzi alitoka zamu moja kwa moja, na sare yake ikiwa ndani ya mfuko. Wa nne alikuwa mwanamume wa ofisi ya serikali, aliyekulia Uganda. Alikuwa anasoma kila kitu tangu mwanzo bila kuandika hata mara moja, kwa sababu Kiswahili chake, alisema, ni cha kununulia ndizi. Tulimwambia ndizi zinatosha.

Kujitambulisha kulichukua muda. Sikumbuki tulisema nini zaidi ya majina. Ninachokumbuka ni kwamba hakuna aliyetazama chini.

Mhudumu alikuja kuchukua oda. Mimi nilisema chai ya maziwa, ikatoka. Seremala alitaka isombe, yaani kisamvu, na wali, akakwama kwenye isombe. Mhudumu, msichana mwenye moyo mzuri, akaanza kumsaidia kwa Kinyarwanda, akikisia viazi, ndizi, nyama: ibirayi? Igitoki? Inyama? Seremala alitikisa kichwa kila mara, na uso wake ukawa unakakamaa.

Yule mtu wa serikali aliinua mkono wake juu ya meza, taratibu.

“Ngoja, dada,” akamwambia mhudumu. “Neno iko anakuja.”

Mhudumu akanyamaza, kalamu ikiwa hewani. Sote tukangoja. Seremala alifumba macho, akayafumbua, akasema isombe, kisha akaongeza wali, na pilipili ambayo hakuna aliyemwuliza. Mhudumu akaandika na kwenda. Alipoleta chakula aliniuliza sisi ni kikundi gani, kama ni cha kuweka akiba. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho wa sentensi yangu, ingawa kulikuwa na wateja waliokuwa wanamwita.

Tulibishana kidogo siku ile. Jukwaa lilikuwa limeongeza vyumba vya kuzungumza kwa sauti, na muuguzi alitaka tufungue chetu. Seremala alikataa, alisema watu wengine maandishi ndiyo kinga yao pekee na tusiwaondolee. Mimi sikuwa na upande. Hatukukubaliana, na mpaka leo chumba hicho hakijafunguliwa. Mtu wa serikali alisema yeye atakuja tena iwapo tutapata mgahawa wenye picha za vyakula ukutani, za kunyoosha kidole. Seremala akasema hapana, mara ijayo tuende kwake Gisozi, kwenye karakana, ambako misumeno hupiga kelele kiasi kwamba kila mtu hulazimika kurudia maneno.

Tulikwenda mwezi uliofuata. Ni kweli. Mafundi walirudia, wateja walirudia, aliyeleta soda alirudia bei. Tulikaa juu ya mbao zilizopangwa, vumbi la mninga likitushika nguoni, tukaongea mpaka wakati wa kufunga.