Kiti cha Nyuma: Namboboto hadi kwa Wakwe Zangu, Nje ya Malaba

Waliosema sitaweza walikuwa wengi, na bado wako hai, kwa hiyo nawaandika hapa wajisome. Mzee Wandera, ndugu mdogo wa baba yangu, alisema mtoto wa mfinyanzi hawezi kupata diploma ya ufundi wa magari. Nikaipata. Akasema nikienda Doha nitarudi na sanduku la nguo na hadithi. Nikarudi na gari la spoti la manjano, milango miwili, limelala chini kama mjusi, na injini ambayo watu wa Namboboto huisikia kabla hawajaona vumbi lake. Siku alipoliona, Mzee Wandera alilizunguka polepole, akapangusa miwani yake, akasema, "Ni zuri. Lakini hili halitafika kwa wakwe zako."

Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa nyumbani. Na kulikuwa na jambo lenye uzito zaidi. Mama mkwe wangu, anayeishi nje ya Malaba kuelekea Kolanya, alikuwa ameshapoteza jicho moja kwa mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa linafifia. Mara mbili alipangiwa upasuaji, na mara mbili alijificha kwa majirani kwa kuogopa kisu. Safari hii madaktari wa macho walikuwa wamekuja Busia kwa wiki moja tu. Mke wangu Akisa alimbembeleza kwa simu mpaka akakubali, ila kwa sharti: mkwe wake aliyetoka Doha aje kumchukua mwenyewe, kwa gari lake, majirani wakiona. Upasuaji ulikuwa Alhamisi. Niliondoka Jumanne.

Asubuhi hiyo niliondoka peke yangu ili kiti cha pili kiwe cha mama. Kutoka Funyula hadi Busia nililiendesha gari kama linavyotaka kuendeshwa. Dereva wa gari la spoti hukalia barabara yenyewe. Kila kokoto lina habari yake, na usukani huileta mpaka kwenye vidole. Nimeendesha magari mengi ya matajiri nikiyajaribu baada ya kuyatengeneza, na nasema bila kusita kwamba hakuna mtu wa kaunti yetu aliyejua raha ile kabla yangu. Tatizo lilikuwa matuta. Kila penye shule nililazimika kuyavuka upandeupande kama kaa, na watoto wakatembea wakanipita.

Baada ya Alupe na Adungosi barabara ni nzuri, na nilifika karibu na Malaba mapema. Pale foleni ya malori ya kwenda Uganda ilikuwa imejipanga kama kawaida yake. Nilipita nikiwa sawa na nati za magurudumu yao. Nilichoona ni mpira na chuma tu. Dereva mmoja aliyekuwa akichemsha chai kando ya lori lake aliinama kunitazama.

"Boss," akasema, "hiyo gari umeikalia ama umeivaa?"

Wenzake wakacheka. Nikamwambia ana wivu.

Saa sita hivi nilifika kwenye kijito kilicho chini ya boma la wakwe zangu. Katikati ya njia kuna mgongo wa mawe, tope kila upande, na gari langu likapanda juu ya mgongo huo kwa tumbo, magurudumu yote yakabaki yanatafuta ardhi. Sikuwa na la kufanya ila kupiga honi. Watu wakashuka. Etyang, kaka wa mke wangu, alileta mbao mbili alizonunua kwa ajili ya mlango wa nyumba yake. Katekista wa kanisa lao alileta kamba ya kufungia turubai. Mzee Ekirapa, jirani, alileta ng'ombe wake wawili wa kulimia. Mbao zikapasuka, tope likashinda vyote, mpaka sauti ya mama mkwe ikatoka juu kwenye boma, na baadaye kidogo msichana akaja na mkeka wa mafunjo.

"Mama anasema uwekeni chini ya tairi," akasema. "Ndio anaulalia, lakini uwekeni."

Mkeka ndio uliotutoa. Ulichanika vipande, lakini ulitutoa.

Bomani, mama mkwe alikuwa tayari. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na mfuko wake umefungwa kwa mafundo mawili. Mimi nilisimama mbali, karibu na ghala, kama desturi inavyotaka. Kwa Wateso, kama kwetu Wasamia, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Etyang alimshika mkono mama yake akamleta mpaka kwenye gari. Mama akaligusa paa, akashangaa jinsi lilivyo chini. Kisha akaanza kupapasa kuelekea nyuma, kiganja kikiteleza juu ya rangi yangu ya manjano, akitafuta mlango wa pili. Kiganja kilifika kwenye taa. Akarudi, akapapasa tena. Akamuuliza Etyang kitu kwa Kiteso.

"Shemeji," Etyang akaniita, "mama anauliza yeye atakaa wapi."

Hapo ndipo nilipolitazama gari langu kwa macho ya watu wa nyumbani. Viti viwili. Kimoja changu, kingine kimegusana nacho, goti kwa goti, bega kwa bega, kutoka Kolanya hadi Busia. Miaka ile yote ya Doha nilikuwa nikizungumza na mama mkwe kupitia simu ya Akisa, na nilikuwa nimesahau kwamba mwili wake na wangu haiwezi kukaa sehemu moja.

"Etyang, wewe mpeleke," nikasema. "Mimi nitapanda boda."

"Mimi naendesha ng'ombe, shemeji. Hii nitaipeleka Uganda bila kutaka." Akaizunguka. "Umetuletea gari ya mtu mmoja na nusu."

"Basi nitafute teksi Malaba."

Mama mkwe alisikia. Akasema maneno machache, akageuka kuelekea mlango wa nyumba. Etyang aliacha utani. "Anasema kama ni teksi, hata mwaka jana teksi zilikuwepo. Anasema labda ni ishara asiende."

Niliwajua watu wanaotafuta ishara. Akiingia ndani na kufungua mfuko ule, hakuna atakayemtoa tena, na lile jicho litafungika. Nikapaza sauti kutoka ghalani, nikimwangalia Etyang: "Mwambie mama asifungue mfuko. Kesho nitakuja na gari lenye kiti cha nyuma."

Mama akasimama mlangoni, mgongo kwangu. Jibu lilikuja kupitia Etyang. "Anasema utabaki umefungwa mpaka jua la kesho litue. Likitua, atatoa nguo zake."

Jioni ile, Busia, nilikwenda moja kwa moja kwenye yadi ya mwanamke anayeitwa Nabwire, anayeuza magari na kukodisha ya harusi. Alikuwa ameshaniuliza zaidi ya mara moja kuhusu gari langu.

"Maharusi wa Butula wamechoka na ile yangu nyeupe," akasema. "Hii ya njano wataipigania. Wewe unataka nini?"

Nikamwambia nataka gari refu, lenye kiti cha nyuma kipana, lakini lisiniaibishe kwenye lami. Akanipeleka mwisho wa yadi, penye SUV ya silinda nane na turbo mbili, iliyotengenezwa kukimbia kama gari la spoti na kupanda kama trekta.

"Hii nyeusi," akasema.

"Hiyo si nyeusi," nikamwambia. "Ni kijani. Kijani kizito sana."

"Boss, usiku unaingia. Nyeusi."

Nililala chini yake kwa tochi. Nilikagua bushi, zile raba za kwenye viungo vya magurudumu, diski za breki, mafuta ya gia, mifuko ya hewa inayolibeba gari badala ya springi. Nilisikiliza injini ikiwa baridi, na ikiwa moto. Hapo diploma ilifanya kazi yake, kwa sababu Nabwire alisema gari halina kasoro na mimi nikamwonyesha bushi ya nyuma imekwisha; akaibadilisha asubuhi kabla hatujaandikiana kwa wakili. Tulibadilishana gari kwa gari, hakuna aliyemwongezea mwenzake. Alipoondoka na la manjano sikugeuka kutazama. Nililisikiliza tu mpaka lilipopinda kona.

Jumatano mchana nilimchukua Akisa mjini, kwani alikuwa amekuja kutoka nyumbani, tukaelekea Malaba. Nilikuwa na hamu ya kujua kama nimepata au nimepoteza. Ukweli ni kwamba usukani wake hausemi mengi. Barabara ilikuwa kama habari inayosomwa chumba cha pili. Kwenye kona gari linaegemea kidogo kabla ya kukubali. Lakini nilipolikanyaga baada ya Alupe, Akisa alishika mkanda wake kwa mikono yote miwili, na mimi nikacheka kama mtoto. Tena niliona mambo ambayo barabara ileile ilinificha jana: mihogo iliyoanikwa juu ya mawe nyuma ya ua, fundi anayeshona nje ya duka lake, mto kabla ya kuufikia. Matuta ya shule niliyapita sawasawa. Nikaanza kufikiri kwamba gari la kila siku lisipimwe kwa siku yake nzuri kuliko zote.

Kwenye foleni ya malori, dereva wa chai alikuwa palepale. Safari hii tulitazamana macho kwa macho.

"Kumbe jana ulikuwa umevaa viatu," akasema. "Leo umevaa koti. Lakini hii nyeusi itakuchoma na jua."

"Ni kijani."

"Sawa, boss. Kijani."

Kijitoni, Mzee Ekirapa alikuwa ametungoja, ng'ombe wake wamefungwa nira kabisa, na katekista ameshika kamba. Nikabonyeza kitufe, gari likajiinua juu ya magurudumu yake, tukavuka mgongo wa mawe taratibu kama mtu anayevuka akiwa ameshika viatu mkononi. Ekirapa alituangalia tukipita.

"Sasa hawa nimewafungia nini?" akauliza. Nikampigia honi.

Jua lilikuwa bado juu ya vilima vya Uganda. Mfuko ulikuwa mlangoni, mafundo mawili. Etyang alimleta mama, akimwambia kwamba safari hii gari ni jeusi, na kiganja chake kikapita mlango wa kwanza, kikafika wa pili, kikakuta mpini. Akaufungua mwenyewe. Alikaa nyuma ya Akisa, Etyang pembeni yake. Kabla sijawasha injini nilikigeuza kioo cha ndani kikatazama dari, nisimwone, na njia yote hadi Busia niliendesha kwa vioo vya pembeni.

"Mwambie apunguze," mama akasema kwa Akisa, karibu na Adungosi.

"Mama anasema upunguze," Akisa akaniambia, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Mwambie nimepunguza."

"Amepunguza, mama."

"Mwambie hajapunguza."

Nikapunguza. Etyang alitazama nje ya dirisha, mabega yakimtikisika.

Alhamisi alipasuliwa. Mlangoni alimshika Akisa mkono kwa nguvu, akauliza kama mkwe wake bado yuko nje. Akaambiwa yuko, na gari liko. Akaingia. Ijumaa nilimrudisha kwao na bandeji, na kesho yake, na siku nyingine baadaye, nilikuwa barabarani tena kumleta kukaguliwa. Gari lile lilipata kazi ya kila siku kabla halijapata jina. Mzee Wandera alipoliona Namboboto alisema, "Kumbe umeshindwa na lile zuri. Na hili jeusi ni kama la kubebea maiti." Nikamwambia ni kijani, na kwamba nimefika kwa wakwe. Hakuniamini hata moja.

Nilichojifunza njiani hakimo kwenye diploma yangu, na ndiyo maana nakiandika. Mtu anayechagua gari huuliza nguvu, mwendo na mafuta, na mimi nayajua hayo kuliko wengi. Lakini huku kwetu aulize kwanza nani atakaa wapi, na nani haruhusiwi kukaa karibu na nani. Kiti cha nyuma si nafasi ya mizigo. Ni heshima.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kuwalipa wote walionikopesha siku ile ya tope. Etyang nilimpa mbao mbili za mvule, ngumu kuliko zile zilizopasuka. Katekista alipata kamba mpya. Mzee Ekirapa hakutaka kitu kwa ajili ya ng'ombe wake, ila apelekwe kanisani akiwa amekaa mbele, kioo kimeshushwa, tupite njia ndefu ya sokoni. Tulipita.

Alibaki mama mkwe na mkeka wake. Nilikuwa nimemnunulia mwingine wa mafunjo, mpana, wenye mistari ya zambarau. Sikuweza kumkabidhi mkononi, kwa hiyo niliutandaza juu ya ua karibu na lango, nikarudi kusimama karibu na ghala. Etyang alitaka kwenda kumwongoza. Mama alitoka peke yake. Alivuka uwanja bila kupapasa, akaruka kamba ya mbuzi, akafika langoni, akausoma mkeka mstari kwa mstari.

"Mwambie nilimkopesha uliochakaa," akamwambia Etyang. "Ameleta mpya. Tumemalizana."

Akaukunja, akauweka kwapani. Kisha akasimama, akaligeukia gari, akaliangalia kuanzia magurudumu hadi paa, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa na hasira kidogo.

"Nyinyi wote mliniambia ni jeusi. Mna macho ya nini? Ni kijani."