Zuhura, Mkata Mikufu wa Biryogo

Kichwa changu bado kinakataa. Jana alasiri tulimzika Zuhura, na leo asubuhi nimeingia karakana nikachungulia mezani kwake kabla ya kukaa, nione kama ameshafika.

Nimesoma mnayoandika humu mtandaoni. "Alikuwa malaika." "Hakuwahi kumkwaza mtu." Jamani, mnamzungumzia nani? Zuhura ninayemjua mimi alikuwa na ulimi mkali kuliko koleo lake, na wengi wenu mlikuwa mnavuka barabara mkimwona.

Kwa msiomjua: tulikuwa tunatengeneza mikufu ya shanga kwa mkono, chumba kimoja nyuma ya mafundi cherehani, hapa Biryogo. Unapitisha waya wa shaba kwenye ushanga, unakunja kitanzi, unakipachika kwenye kitanzi cha ushanga uliotangulia, unauzungusha waya shingoni mwa kitanzi, unakata ncha na kuificha. Ushanga kwa ushanga mpaka upate mkufu. Kitanzi kikishafungwa hakifunguki tena, ni kukata tu.

Na yeye kukata alikupenda. Tulimwita Quality Control, ingawa hakuna aliyempa hicho cheo.

Ukimaliza mkufu wako, anauchukua bila kuuliza, anauvuta polepole juu ya mdomo wake wa chini. "Mkono imezoea waya, haijui tena," aliniambia. "Mdomo iko inajua." Ukikwaruza mahali popote, koleo.

Mimi nilitoka Bujumbura nikijiona fundi. Wiki ya kwanza nikafanya kosa ambalo kila mtu wa kazi hii amelifanya: nikafunga vitanzi vizuri kabisa, halafu nikagundua nimesahau kuviunganisha. Shanga zimependeza, kila moja peke yake. Zuhura akazitundika kwenye msumari wa mlangoni, pale wateja wanapopita. Kila aliyeuliza alijibiwa, "Hiyo ni ya Goreti. Ametoka mbali kutuletea hiyo."

Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kukaa. Tangu siku ile nilichotaka kwa mwanamke yule ni neno moja tu: nzuri. Wageni waliopita hapo walinisifu, wakapiga na picha. Sikushiba. Nilitaka litoke kwake.

Kuna bibi harusi wa Nyamirambo alikuja kuchukua mkufu ameshapambwa, gari linapiga honi nje. Zuhura akauvuta mdomoni, akaukata mbele yake. Binti akalia mpaka wanja ukashuka mashavuni. "We lia, mimi niko natengeneza," Zuhura akamwambia, na akamtengenezea mwingine palepale huku shangazi wa binti akimtukana. Hakuinua hata macho.

Mwenzetu Fiida alishindwa, akaenda kufanya kazi kiwandani Masoro. Alisema huko bosi anafoka kutwa, lakini akishafoka yameisha. Leo Fiida ameandika "pumzika dada yangu kipenzi." Fiida, sha, mwenzangu, sisi tulikuwepo. Tulisikia mabaya uliyokuwa unamwombea.

Nitasema na hili maana ni haki yake: hata yeye mwenyewe hakujihurumia. Sukari ilipoanza kumvimbisha vidole, siku moja alivuta mdomoni mkufu alioutengeneza kwa mkono wake mwenyewe, akaukata. Kisha akainuka akautundika kwenye ule ule msumari, wateja wauone. Hakuna aliyethubutu kumwambia pole.

Halafu macho yakapotea, akawa hatoki kitandani. Nikaamua kumtengenezea mkufu wake wa kuvaa, shanga za pembe ya ng'ombe na waya wa shaba. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na sioni aibu kusema. Kila kiungo nilikipitisha kwenye mdomo wangu kwanza.

Alhamisi nikampelekea. Nikamwambia, "Huu ni wako, nimeutengeneza mimi." Akauvuta polepole, wote, mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda kama mtoto anayesubiri kusomewa matokeo ya mtihani.

"Iko inakwaruza," akasema.

"Wapi, Zuhura?"

"Yote. Kata."

Nilimchukia. Naandika waziwazi, mtanisema mkitaka. Mtu yuko mlangoni mwa kaburi na bado ananinyima! Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka kwangu Gikondo, na kabla sijavua viatu nilikuwa nimeshaukata wote, kitanzi kwa kitanzi. Kumchukia nilimchukia, lakini kubishana na mdomo wake sijawahi kuweza.

Jana baada ya maziko nilikaa na mdogo wake, Mariamu, ndiye aliyekuwa anamuuguza. Nikamsimulia habari ya mkufu, bado nina hasira. Akaniangalia kwa huruma.

"Dada Goreti, midomo yake ilikuwa imepasuka yote. Hata shuka ilikuwa inamukwaruza. Maji nilikuwa namupa na pamba, na bado anasema oya, sitaki, iko inakwaruza."

Nilikaa tu na kikombe cha chai mpaka kikapoa.

Shanga nimekuja nazo, ziko kwenye kopo hapa mezani, na waya umekuwa vipande vipande. Naweza kutengeneza mwingine, lakini ule haurudi. Huenda ulikuwa mzuri. Mtu pekee ambaye ningemwamini kuniambia ndiye aliyeniambia niukate.

Zuhura, ulikuwa katili, na umeondoka na neno langu. Leo sikusamehe. Labda wiki ijayo, nikizoea kukaa hapa bila wewe. Lala sasa, ndugu yangu, pasipo na kitu chochote cha kukukwaruza mdomo.