Usaili wa Pilau kwa Bi Mwanvua

Mwaka ule wa 1961 watu wa mtaa wetu wa Mirongo walikuwa na mzaha wao: Tanganyika itapata uhuru kabla Zakia hajaolewa. Zakia mwenyewe alikuwa tayari. Mchumba wake Seif, wa kiwanda cha pamba kule Nansio ng'ambo ya ziwa, alikuwa tayari na mahari keshatoa. Asiyekuwa tayari ni mama mtu, Bi Mwanvua, ambaye kila ukimuuliza alisema hajapata msimamizi wa harusi wa kumwamini.

Mimi jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na nasema kweli, sikuwa na haraka. Bi Mwanvua alisikia kwamba siku hizi mtu haajiriwi bila kusailiwa, basi akaweka meza uani, akaitandika kitambaa, akakaa nyuma yake kama Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Kila aliyeomba kazi ilimbidi aendeshe harusi ya majaribio, yenye pilau kamili na wageni. Mchele ulikuwa wa Bi Mwanvua na wageni tulikuwa sisi majirani. Nani angekataa?

Wa kwanza alikuwa Antoni, aliyepika jeshini Burma. Alitupanga foleni kwa urefu, akatulisha kwa filimbi. Mume wangu aliazimwa awe bwana harusi, akasinzia mpaka akaanguka mkekani. Bi Mwanvua akasema pilau ina chumvi na bwana harusi hana adabu. Wa pili, Dorotea, alipiga marufuku vigelegele mpaka yeye atoe ishara, na alipoitoa tulikuwa katikati ya dua. Naye akafukuzwa.

Ndipo likaja neno kutoka Nansio: wazazi wa Seif wamechoka. Mwezi ukiisha bila harusi, watamtafutia mke mwingine. Zakia alikuja kulia jikoni kwangu, na mimi nikaona haya kwa minofu yote niliyokwisha kula. Nikamfuata Mwanabaraka wa mtaa wa Makoroboi, mpishi wa shughuli, mwanamke asiyecheka ovyo.

Akaja, akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nitajuaje kama unaweza?"

"Utaona mwenyewe. Ila mimi sifanyi kazi na bwana harusi wa kuazima. Seif aje mwenyewe. Na shehe awe shehe."

"Hata kwa majaribio?"

"Ndiyo, dada. Sijui kufanya vingine."

Bi Mwanvua alimtazama sana, halafu akakubali.

Sote tulijua kwamba ile itakuwa ndoa ya kweli, isipokuwa yeye. Hata mumewe alijua, Mzee Salehe, mshona kanzu mpole, na ndiye aliyetakiwa kuozesha. Siku yenyewe alimwozesha binti yake kwa sauti ndogo kabisa, huku mkewe akizunguka na upawa, anaonja kila sufuria na kulalamika.

"Kwenye harusi yenyewe," akatuambia, "viazi vikatwe vidogo."

Mimi mdomo ulikuwa umejaa viazi hivyo hivyo.

Alasiri boti ya Nansio ilikuwa karibu kuondoka, ikabidi mtu amweleze. Tukatazamana. Mzee Salehe akageuka kuangalia kuku. Nikasukumwa mimi. Kabla sijafungua mdomo, Bi Mwanvua aliingia ndani, akatoka anaburuta sanduku la Zakia, limekwisha kufungwa kamba. Juu yake aliweka doti ya kanga zake mpya, zile alizokuwa akituonyesha bila kuturuhusu kuzigusa.

"Kumbe ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu asubuhi, nilipoona hina yake. Nani anapaka hina ya majaribio mpaka magotini?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningesema hapana." Akamfunika Zakia kanga, akachelewa kumwachia. "Ninaye huyu mmoja tu, Mama Malimi. Nyumba itakuwa kimya."

Hapo tulilia sote. Tukamsindikiza Zakia hadi kwenye boti, naye akawa ameitangulia Tanganyika.

Tuliporudi, Bi Mwanvua aliketi nyuma ya meza yake, akamwita Mwanabaraka.

"Umeshindwa. Viazi vikubwa. Njoo Ijumaa ujaribu tena."

"Ijumaa namwoza nani, dada?"

"Humwozi mtu. Uje upike tu, na hawa waje wale."

Mwanabaraka alikuja, Ijumaa ile na nyingine nyingi. Viazi hakuvipunguza hata siku moja.