Siku ya Soko, Muuguzi Mmoja

Soko la Mahoko lilikuwa limejaa, na mimi, ambaye mafundi cherehani wote wa Gisenyi walijifunza kwangu, nilikuwa hospitalini na jipu la kidole. Wabebaji wanne kutoka Kanzenze wakaingia na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa ndani ya ingobyi, ile machela ya kusuka. Muuguzi alikuwa mmoja kwa vyumba viwili.

"Benzako wako wapi?" mume wake, aliyekuja nao, akauliza.

"Soko, muzee. Leo ni konji yao, wanapumzika."

"Na siye tumekuja leo sababu ya soko, hawa walikuwa wanakuja huku. Siku ingine wabebaji ntatoa wapi?"

Muuguzi akaitwa chumba cha pili. Aliporudi alimgusa mwanamke shingoni, akarudisha kipimajoto mfukoni, akamfunika uso.

Nikamwendea mkuu wa wauguzi ofisini kwake, maana mimi simwogopi mtu. "Uwagawe, bwana. Nusu waende soko asubuhi, nusu mchana."

"Mchana inabaki ndizi mbovu tu."

Nikatoka na jipu langu. Nje, wabebaji walikuwa wanamrudisha mwanamke kwa njia ya soko. Wauguzi wenye vikapu walisimama pembeni, wakawapisha.