Bagika na Bagalu Ndani ya Filamu ya Kifaransa

Likizo yangu iliharibiwa na simu ya mjomba Masanja. Sauti ilikuwa imemkauka, na yeye ndiye mtafsiri wa filamu katika banda umiza lake, kibanda cha kuonyesha video, Kalangalala, Geita. Wateja walichoka filamu za ngumi, akatafuta za zamani za Kifaransa, za watu kucheza muziki.

“Si uko klabu ya Kifaransa shuleni?” alisema kwa kukwaruza. “Mabenchi yakikaa matupu tena, narudi duarani.”

Duara ni shimo la dhahabu. Mama aliposikia hivyo alinifungia begi mwenyewe. Kifaransa changu hakukiulizia, nami sikutaka kumsumbua: najua salamu na kuhesabu mpaka ishirini.

Asubuhi, Shinyanga. Basi halijatoka stendi, goti langu limeshaanza safari. Nikawa narudia zile namba kwa midomo.

“Mwanangu, unasali?” mama wa kiti cha pili akauliza.

“Ndiyo, mama.”

“Niombee na mimi. Breki za basi hili sizipendi.”

Tulipofika Ushirombo, abiria wenzangu walishuka kununua mahindi. Mimi nilizunguka basi mpaka kondakta akasema, “Dogo, unataka kulinunua?”

Alasiri, Kalangalala. “Shikamoo, mjomba.” Akaitikia kwa kidole gumba, akanipa maiki. Wachimbaji walishakaa, matope hadi magotini. Kwenye skrini bibi mmoja wa mkahawani alilia, akisema maneno mengi yasiyo na namba hata moja.

“Anasema ng’ombe wamepotea,” nikatangaza.

“Ndiyo alie hivyo?” mchimbaji mmoja akauliza.

“Walikuwa wa mahari.”

Wawili wakainuka kuondoka. Mjomba akaangalia mlango.

Hapo kodiani ikalia. Kwenye skrini, uwanjani, mabaharia walisimama huku, wakulima kule, wakacheza kwa kupokezana. Nikapaza sauti: “Kulia Bagika! Kushoto Bagalu!”

Usukumani hivyo ni vyama vya ngoma. Vinashindana uwanja mmoja, na kinachovuta watu wengi ndicho mshindi. Basi mabenchi yakabebwa, banda likagawanyika pande mbili.

“Bagika wamekakamaa kama nguzo!”

“Subiri mwenye kofia aingie, utanyamaza!”

Waliokuwa wakiondoka wakarudi, wakaita na wenzao barabarani waje kuongeza upande. Mlango ukaziba kwa watu.

Kisha yule bibi wa mkahawani akaingia katikati, akacheza peke yake, taratibu, koti mwilini. Hakuna aliyejua ni wa upande gani. Ulimi ukaniwasha, nikainua maiki.

“We dogo,” mchimbaji wa mbele akasema bila kugeuka, “muache acheze.”

Nikamwacha. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kutafsiri. Ila hakuna aliyetoka, wala aliyekohoa, mpaka kodiani iliponyamaza. Hilo ndilo nililojifunza Geita: kuna mahali mdomo wangu hauhitajiki. Msiwaambie walimu.

Niliporudi Shinyanga, mama alinisubiri mlangoni. Hata begi hakulipokea.

“Amerudi duarani?”

“Hana nafasi, mama. Bagalu wanadai marudiano.”