Roboti Yetu na Kipimo cha Mama

Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha tatu Kasulu, na mama yangu alikuwa akiuza maharage sokoni. Kila siku baada ya masomo nilitakiwa niwe kibandani kwake nipime, yeye apumzishe mgongo. Badala yake nilikuwa nabaki shuleni kwenye klabu ya sayansi, tunaunda roboti. Mama alivumilia weee, mwishowe akachoka.

"Mwana wanje," aliniambia kwa Kiha, yaani mwanangu, "nitakuja kuiona hiyo mashine siku ya mashindano. Nikiona ni mchezo, unarudi sokoni."

Mama hakuwa mtu wa kutishia bure. Nilikosa raha kabisa.

Roboti yenyewe ilikuwa kigari chenye mota za redio mbovu, na juu yake dumu la mafuta ya kula tulilolikata mdomo. Ilitakiwa ibebe mipira midogo kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Kabla ya kuanza, kila shule inataja idadi itakayobeba. Anayefikisha mingi zaidi ndiye mshindi, lakini ukidondosha hata mmoja njiani, huna alama. Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kukadiria.

Mipira ya mashindano hatukuwa nayo. Tulionyeshwa mmoja tu, wa plastiki, tukatengeneza yetu ya ukubwa uleule kwa mifuko ya rambo na kamba za mgomba. Mwalimu wetu wa fizikia aligawanya ujazo wa dumu kwa ujazo wa mpira, akapata arobaini. Tulipojaza, haikuingia hata thelathini, maana mipira huacha nafasi katikati. Mwalimu akajicheka, akasema basi tutaje ile iliyoishia usawa wa mdomo: ishirini na sita.

Hapo nikaja juu. Usawa wa mdomo! Sokoni kwetu ukimpimia mtu debe la usawa wa mdomo anakuachia maharage yako, tena anakusema kwa majirani. Debe hutikiswa, likashindiliwa, likaongezwa mpaka liwe na kilima. Nikalitikisa dumu, nikapanga kilima, tukafika thelathini na tatu. Tukaendesha kigari darasani, hakikudondosha kitu. Mwalimu akakubali. Nilijiona bingwa, na sioni haya kusema.

Siku ya mashindano mama alikuja na kitenge chake cha kanisani, akakaa mbele. Tulipotaja thelathini na tatu, ukumbi mzima uliguna. Wale wa Kibondo walitaja ishirini, nikawaonea huruma. Nikapanga kilima changu taratibu. Lakini mipira ile ya plastiki ilikuwa inateleza, haishikani kama yetu ya rambo na kamba. Kigari kilipoondoka tu, kilima kikaporomoka, mipira ikatawanyika mpaka chini ya viti.

"Hakuna alama," akasema mwamuzi.

Nililia palepale, sikujali nani ananiona. Klabu ilikuwa imenitoka mkononi.

Ndipo mama akasimama. "Baba, huyu mtoto kajaza vizuri, nimemwona kwa macho yangu. Ulitaka apime usawa wa mdomo, kama mwizi?"

Mwamuzi akamweleza kwa upole kwamba inayohesabiwa ni ile iliyofika. Mama hakumsikiliza. Akainama na kitenge chake kile, akaokota mipira chini ya viti mmoja mmoja, akaijaza kwenye dumu, akatikisa, akaongeza, mpaka kilima kikarudi.

"Haya," akamwambia, "hesabu sasa."

Watu walicheka sana. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika njia panda nikakata kona ya sokoni mwenyewe, bila kuambiwa. Mama akanishika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Kibandani, mama. Si ulisema..."

"Kesho ubaki shuleni na mashine yako. Na yule baba asije akakufundisha kupunja watu."

Mwamuzi alikuwa sahihi kabisa, na mimi nilijua. Nikamwambia mama, "Sitakubali."