Pembe Yoyote, Isipokuwa Nyingine Zote

Cheka, lakini polepole. Niliwatangazia walimu wenzangu hapa Baraka kwamba nimegundua njia ya kugawanya pembe yoyote sehemu tatu sawa, kwa rula na bikari tu. Furaha, anayefundisha hesabu nami, akasema haiwezekani. Nikamhurumia, nilidhani ni wivu. Nikamwalika ashuhudie mbele ya wanafunzi na baba mkwe, aliyetoka Mboko akiwa bado na shaka kama binti yake aliolewa na mtu wa maana.

Nikachora pembe mraba, kama kona ya ubao, nikaigawanya huku nikieleza kila hatua. Makofi!

“Prof, gawanya na hii basi,” Furaha akasema, akachora nyembamba zaidi.

Nikajaribu, nikafuta, nikajaribu tena. Kumbe hata nyumbani nilikuwa nikiijaribu njia yangu kwenye ile ya kona tu.

Baba mkwe akauliza, darasa zima likisikia: “Mukwe, kumbe we unajua ile moja tu?”